Kupima mvuke wa kemikali kazini: mrija wa mkaa, beji, au kichujio kilichopakwa dawa?

Ukiandika "filta za kupimia hewa" kwenye fomu ya kuagiza vifaa, muuzaji atakuletea filta kweli: visahani vyeupe vyenye kipenyo cha milimita 37, vimekaa ndani ya kaseti ya plastiki. Ni vifaa vizuri kwa kazi yake. Vinashika vumbi la saruji, moshi wa kuchomelea vyuma, vumbi la mbao. Lakini mvuke wa thina, wa petroli au wa gundi ya viatu unapita humo moja kwa moja, kwa sababu kichujio cha kawaida hushika chembe zinazogonga na kunata kwenye nyuzi zake, na mvuke hauna chembe ya kunata. Maabara itaandika "haikuonekana", mwajiri atafurahi, na fundi ataendelea kurudi nyumbani huku kichwa kinamgonga. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza filta ya kampuni gani ni bora, uliza kemikali unayoitafuta iko hewani kwa umbo gani na nini kitaishika. Mvuke unahitaji kitu cha kuunywa, kama mkaa maalumu, silika jeli au resini. Au unahitaji dawa ya kuugeuza kuwa kitu kingine pale pale unapoigusa, na hapo ndipo kichujio kinaporudi kazini, safari hii kikiwa kimepakwa dawa hiyo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kwa karakana za viatu, za fanicha na kwa wahudumu wa sheli, naanza na beji. Mrija wa mkaa na pampu nautumia pale kazi inapokuwa ya muda mfupi, au pale matokeo yatakapobishaniwa. Kwa gereji zinazopuliza rangi za magari za kuchanganya na kigumishi, vyote viwili naviacha nyumbani. Vifaa vya kusoma papo hapo navipenda sana, ila si kwa kuandikia ripoti ya siku nzima.

| Chombo | Kinafaa kwa | Kinachokiangusha |
|---|---|---|
| Mrija wa mkaa na pampu | toluini, zailini, benzini, heksani. Kazi fupi na zamu nzima | pampu isiyopimwa, unyevu, kufurika |
| Beji ya mkaa | hizo hizo, kwa saa nyingi | hewa iliyotulia, matone ya rangi, kazi za dakika chache |
| Kichujio kilichopakwa dawa | isosianati, kemikali ya kigumishi cha rangi za magari | dawa kuisha, joto, kucheleweshwa |
| Mrija unaobadilika rangi | kujua haraka kama kitu kipo na kwa kadiri gani | kemikali jamaa zinazoudanganya |
| Mashine ya kusoma papo hapo | kutafuta chanzo, kulinganisha kabla na baada ya feni | haitofautishi kemikali |

Mrija na beji

Mrija wa mkaa wa kawaida ni wa kioo, una urefu wa sentimita 7 hivi, na ndani yake mna vyumba viwili: cha mbele chenye miligramu 100 za mkaa na cha nyuma chenye miligramu 50. Mkaa wenyewe hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Mtu wa pwani atacheka kusikia kwamba takataka za jikoni kwao zinarudi kutoka ng'ambo kwa bei ya dola. Unavunja ncha zote mbili, unauunganisha na pampu ndogo inayovaliwa kiunoni, unauning'iniza wima karibu na ukosi wa shati la mfanyakazi, na pampu inavuta hewa kwa mtiririko mdogo sana. Njia namba 1501 ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa afya kazini, ambayo mwongozo wake unapatikana bure mtandaoni, inataka mtiririko usiozidi lita 0.2 kwa dakika.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Njia hiyo hiyo inaweka kikomo cha hewa kwa kila kemikali, na kwa toluini kikomo ni lita 8 tu. Kwa lita 0.2 kwa dakika, lita 8 zinafika ndani ya dakika 40. Anayeiacha pampu ivute kwa mwendo huo kuanzia asubuhi hadi saa kumi jioni amepitisha lita zaidi ya 90, na kama karakana ina mvuke mwingi, mkaa umeshiba zamani na mwingine unatoka upande wa pili. Ndiyo maana kuna chumba cha nyuma. Maabara hukipima peke yake: kikikutwa na zaidi ya asilimia 10 ya kilichomo mbele, mrija umefurika, na jibu utakalopewa ni la chini kuliko ukweli. Kwa zamu nzima ya toluini, mtiririko usizidi lita 0.016 hivi kwa dakika, na pampu nyingi za bei nafuu hazishuki hadi hapo bila kifaa cha ziada cha kubana hewa. La sivyo, badilisha mirija mara kadhaa ndani ya siku, jambo ambalo msimamizi wa karakana hulipenda kama anavyopenda kukatiwa umeme.

Beji haina pampu. Ni kisahani chenye mkaa ndani na kifuniko chenye vitundu. Mvuke unaingia wenyewe kwa kutawanyika, kwa kasi ambayo mtengenezaji ameipima kwa kila kemikali na kuichapisha. Kwa toluini kasi hiyo huwa karibu mililita 30 kwa dakika katika beji zinazotumika sana. Kwa saa nane hiyo ni sawa na kuvuta lita 14 na kidogo. Chukua karakana yenye toluini ppm 20 (sehemu 20 katika kila sehemu milioni za hewa), kiwango ambacho jopo la wataalamu wa Marekani, ACGIH, limekipendekeza tangu 2007 kama wastani wa siku usiopaswa kuvukwa: beji itakuwa imekusanya kama miligramu 1, kiasi ambacho maabara yoyote ya maana inakiona bila taabu. Fundi anaibandika kifuani na kuisahau. Hakuna kelele, hakuna waya wa kunasa kwenye cherehani, hakuna betri ya kufa saa nane mchana.

Kwa nini basi isitumike kila mahali? Sababu ya kwanza ni kazi fupi. Mhudumu wa sheli anayepokea lori la mafuta kwa dakika 15, au fundi anayesafisha mashine ya kuchapia kwa thina mara moja kwa siku, anaweza kuvuta dozi kubwa ndani ya muda huo mdogo. Tuseme benzini iko ppm 1, yaani miligramu 3.2 katika mita ya ujazo. Kwa dakika 15 beji itapata kama maikrogramu 1.4, karibu na mpaka ambapo mashine ya maabara inaanza kubahatisha. Mrija kwa lita 0.2 kwa dakika utapata zaidi ya maikrogramu 9. Kwa benzini ya muda mfupi, sina mjadala: mrija.

Ya pili ni hewa iliyotulia. Beji inahitaji upepo kidogo mbele yake, angalau mita 0.1 kwa sekunde. Mtu anayetembea na kuinua mikono anautengeneza mwenyewe. Beji iliyoning'inizwa kwenye kona ya stoo haina anayeitikisa. Hewa iliyo mbele yake inaisha mvuke na jibu linashuka. Ukitaka kupima chumba badala ya mtu, tumia pampu.

Ya tatu ni matone. Tone moja la thina likirukia beji, mkaa unalinywa lote, na fundi ataonekana kama alipiga mbizi ndani ya ndoo. Kwa waosha mashine na wanaopaka gundi kwa brashi kubwa, iweke beji juu ya bega, si tumboni.

Kuna tofauti nyingine ambayo haizungumzwi sana, nayo inategemea uko wapi. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja zina unyevu ambao asubuhi nyingi huvuka asilimia 80, na maji ya hewani hugombania nafasi ndani ya mkaa. Mrija na beji vyote hupungukiwa nguvu. Kwa mrija, kata kiasi cha hewa uliyopanga kuvuta walau kwa nusu, kisha ukiangalie chumba cha nyuma kwa makini.

Nairobi ina tatizo lake, nalo ni mwinuko. Kwa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni kama hektopaskali 830 badala ya 1013. Pampu iliyopimwa mtiririko Mombasa kwa kifaa cha kuelea kisha ikatumiwa Nairobi itadanganya. Na anayegeuza miligramu kuwa ppm kwa kutumia namba 24.45 iliyoandikwa katika kila kitabu atapata jibu dogo kwa karibu asilimia 18, kwa sababu namba hiyo ni ya usawa wa bahari kwenye nyuzi joto 25. Beji inakwepa mtego huu: hewa ikiwa nyepesi, mvuke nao hutawanyika haraka zaidi, na ukifanya hesabu kwa ppm athari hizo mbili zinafutana. Ni moja ya sababu za kupenda beji kwenye viwanda vya nyanda za juu.

Na kuna kemikali ambazo mkaa wenyewe hauziwezi, uwe ndani ya mrija au ndani ya beji. Methanoli haishikwi vizuri. Yenyewe inataka silika jeli. Butanoni, ambayo kwenye makopo ya gundi na thina huandikwa MEK, inashikwa lakini huharibika taratibu juu ya mkaa, hasa kukiwa na unyevu, na sampuli inayokaa wiki mbili posta inaweza kufika imepungua. Hili si dogo. Gundi nyingi za viatu zina heksani, na heksani ndiyo iliyoharibu mishipa ya fahamu ya mafundi viatu wa Japani na Italia katika karne iliyopita hadi miguu ikafa ganzi. MEK peke yake haifanyi hivyo, lakini inauzidisha ukali wa heksani. Ukipima heksani vizuri na MEK vibaya, umeisoma nusu ya hatari. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba kuna MEK. Kuna mirija yenye mkaa wa kutengenezwa maalumu kwa ajili yake.

Kichujio kilichopakwa dawa: gereji za rangi

Rangi ya magari inayochanganywa na kigumishi kabla ya kupulizwa huwa na isosianati, hasa ya jamii ya HDI. Hizi hazina harufu ya kukuonya, na zinaleta pumu ambayo ikishamshika mtu, hata chembe kidogo sana baadaye humrudishia. Kiwango cha NIOSH kwa HDI ni ppm 0.005. Linganisha na toluini hapo juu: tunazungumzia kitu kinachodhibitiwa kwa kiwango kidogo mara elfu kadhaa.

Mkaa hapa hauna maana, kwa sababu isosianati haikai ilivyo. Hugeuka yenyewe kwa unyevu na kwa kila inachokigusa. Kinachotakiwa ni kuikamata kwa dawa itakayoungana nayo mara moja na kuitengeneza kuwa kitu tulivu. Njia namba 42 ya OSHA ya Marekani (si Wakala wetu wa hapa Tanzania wenye jina lilelile, watu huchanganya) hutumia kichujio cha nyuzi za kioo chenye kipenyo cha milimita 37, kilichopakwa dawa iitwayo 1-(2-piridili)piperazini. Pampu inavuta lita 1 kwa dakika kwa dakika 15, kaseti ikiwa wazi upande wa mbele. Baada ya hapo maabara hukamua kichujio na kupima kwa HPLC, mashine inayotenganisha kemikali zilizo kwenye kimiminika.

Kwa mvuke wa isosianati na kwa matone madogo, kinafanya kazi vizuri. Kwa kupuliza rangi, mimi nina wasiwasi nacho, na wasiwasi huo nadhani unastahili. Kinachomfikia fundi rangi zaidi si mvuke mwepesi bali ni matone, na ndani ya tone kigumishi kinaendelea kugandana na rangi hata baada ya kutua kwenye kichujio. Dawa imepakwa juu ya nyuzi. Katikati ya tone haifiki haraka. Kila dakika inayopita, sehemu ya isosianati inapotea bila kuhesabiwa. Njia ya Uingereza, MDHS 25, inalitatua kwa kupitisha hewa kwanza ndani ya kichupa chenye dawa ya kimiminika, kisha kwenye kichujio kilichopakwa. Kubeba kichupa cha kioo chenye kimiminika kifuani mwa mtu anayeinama chini ya gari ni adha, sikatai. Ukishindwa, angalau kitoe kichujio kwenye kaseti na kukizamisha ndani ya chupa ya dawa pale pale gereji, dakika kipimo kinapoisha, badala ya kukisafirisha kikavu.

Uingereza pia huweka kikomo kwa jumla ya kundi la isosianati, si kwa HDI peke yake: miligramu 0.02 katika mita ya ujazo kwa saa nane, na 0.07 kwa dakika 15. Maabara ikikupa HDI tupu bila molekuli zake ndefu zilizoungana, umelipia sehemu ndogo ya jibu. Uliza kabla ya kutuma.

Vichujio hivi vikae kwenye friji kabla ya kutumika. Vina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ni ya kweli.

Vingine, kwa haraka

Fomaldehaidi ya vyumba vya maiti, maabara za hospitali na viwanda vya plaiwudi hushikwa kwa dawa ya DNPH iliyopakwa kwenye silika jeli. Kuna mirija yake na kuna beji zake, na kwa zamu nzima beji inatosha. Viuatilifu vya jamii ya fosforasi katika vitalu nyumba vya maua, kama vile vya Naivasha, huwa vyote viwili kwa pamoja, mvuke na chembe, kwa hiyo huhitaji mrija mnene wenye kichujio mbele na resini ya XAD-2 nyuma. Hiki ni kisa kimoja ambapo kununua kichujio peke yake au mkaa peke yake ni kutupa fedha. Zebaki inayochomwa kwenye maduka ya dhahabu ya Geita au Migori ni mvuke wa metali. Inataka mrija wake wa Hopkalaiti, na filta ya vumbi haiioni kabisa.

Vifaa vya jibu la papo hapo

Mirija inayobadilika rangi, kama ya Dräger au Gastec, unaivunja ncha, unaivutia hewa kwa pampu ya mkono, na unasoma urefu wa rangi. Uwe tayari kwa makosa ya asilimia 25 hata ikiwa mipya. Na jibu ni la dakika hiyo moja. Mrija wa toluini unaweza kubadilika rangi kwa zailini pia, na kwenye karakana ya thina zote mbili zipo. Ukiwa Nairobi, zidisha ulichosoma kwa 1.2 hivi, kwa sababu ya kanieneo. Faida yake kubwa ni kwamba mfanyakazi anaona kwa macho yake. Hakuna ripoti inayomshawishi mtu kuvaa barakoa yenye mkaa kuliko mrija uliogeuka rangi mbele yake.

Mashine ya PID, inayotumia mwanga wa urujuanimno kuchaji molekuli, inajibu kila sekunde. Nayo ina upofu wake: taa ya kawaida ya 10.6 eV haiioni methanoli, haiioni fomaldehaidi, haiioni daikloromethani. Inaona benzini na toluini vizuri sana, lakini inazijumlisha bila kukuambia ipi ni ipi. Itembeze karakana nzima kwanza ili ujue nani wa kuvishwa beji. Kwa kazi hiyo haina mpinzani. Kuitumia kusema "benzini ni ppm fulani" kwenye sheli ni kosa, kwa sababu mvuke wa petroli una mamia ya kemikali na benzini ni kipande kidogo.

Kuvijaribu kabla ya kuviamini

Kifaa chochote ulichokichagua, usikitumie kazini kabla hujakijaribu, na mwenye kujaribu si maabara peke yake. Kuna majaribio ambayo afisa usalama wa kiwanda anaweza kuyafanya bila kuwa mkemia.

La kwanza ni sampuli tupu. Katika kila kundi la mirija, beji au vichujio, vichache vinafunguliwa na kufungwa tena pale pale kazini bila kuvutiwa hewa, kisha vinasafiri na vingine hadi maabara. Kadirio la kawaida ni kimoja kwa kila kumi, na visipungue viwili. Vikirudi na benzini, tatizo si karakana. Linaweza kuwa boksi lililokaa karibu na jenereta, au kimiminika ambacho maabara inakamulia. Mkaa kwa kawaida hukamuliwa kwa kaboni disalfaidi, na kimiminika hicho, kisiposafishwa vizuri, huwa na benzini yake chenyewe. (Kinawaka pia kwa kugusa tu kitu chenye nyuzi joto 90, bila cheche, usikubali maabara isiyo na kabati la kuvuta hewa ikifanye kazi hiyo.)

La pili ni la maabara, lakini wewe ndiye wa kulidai. Wanadondosha kiasi kinachojulikana cha toluini kwenye mkaa wa boksi lile lile ulilonunua, wanauacha hadi kesho yake, kisha wanaukamua na kuona wamerudisha kiasi gani. Chini ya asilimia 75 haifai. Mkaa hautoki sawa kila mara kiwandani, kwa hiyo jaribio la mwaka jana kwa boksi lingine halikusaidii. Omba lifanywe kwa viwango angalau vitatu, cha chini, cha kati na cha juu, kwa sababu mkaa hushikilia zaidi kinapokuwa kidogo, na hapo ndipo hesabu zinapoharibika.

La tatu linafanyika karakanani. Mvishe mfanyakazi mmoja beji mbili ubavu kwa ubavu, au beji na mrija. Fanya hivyo kwa watu kadhaa. NIOSH inataka njia ya kupimia ikaribie ukweli ndani ya asilimia 25, mara 95 katika kila mia. Beji mbili za mtu mmoja zikitofautiana kwa zaidi ya robo, tafuta sababu kabla ya kuandika ripoti: moja ilifunikwa na aproni, moja ilichelewa kufungwa, moja ilidondokewa. Mrija na beji vikitofautiana na mrija ndio ulio chini, angalia chumba cha nyuma. Beji ikiwa chini, uliza kama mtu huyo alikaa kimya mahali pamoja.

Pampu nayo hupimwa mtiririko kabla na baada, mrija ukiwa umeunganishwa. Ikiwa imepotea kwa zaidi ya asilimia 5, sampuli hiyo ina mashaka. Wengi hupima asubuhi tu na kuandika namba ile ile jioni. Ukiona kwenye fomu mitiririko ya asubuhi na ya jioni inayofanana hadi desimali ya tatu kwa pampu sita, hakuna aliyepima.

Jaribio la mwisho ni la safari. Kama sampuli zitakaa wiki mbili kabla ya kufika maabara, tia kiasi kinachojulikana kwenye mirija michache, iache kwenye stoo yako kwa wiki mbili, na uitume pamoja na mingine. Toluini kwenye mkaa hudumu siku 30 kwa nyuzi 5, lakini stoo ya Tanga mwezi Februari haina nyuzi 5. Beji zifungwe kwa kifuniko chake kisichopitisha hewa, si kwa mfuko wa plastiki. Mvuke ulioingia unaweza pia kutoka.

Maabara na gharama

Bei ya beji moja huwa juu kuliko ya mrija mmoja, na watu huishia hapo wanapolinganisha. Lakini mrija unahitaji pampu, pampu inahitaji kifaa cha kuipimia mtiririko, na vyote viwili vinahitaji mtu anayejua. Ukipima watu watano mara moja kwa mwaka, beji inashinda kwa mbali. Ukiwa na kiwanda cha rangi chenye kitengo chake cha usalama na unapima kila mwezi, pampu zitajilipa.

Kinachozidi vyote kwa gharama huwa ni uchambuzi na usafirishaji. Kabla ya kununua chochote, piga simu maabara. Kenya, maabara zenye ithibati hupitia KENAS; Tanzania nyingi hupitia SADCAS. Ithibati ya ISO/IEC 17025 haitoshi kama inahusu maji ya kunywa: omba uione orodha ya vipimo walivyothibitishwa, na utafute humo mkaa na kemikali yako. Uliza wanashiriki majaribio ya kulinganisha maabara, kama AIR PT ya LGC huko Uingereza, na matokeo yao ya karibuni yalikuwaje. Uliza kiwango cha chini wanachokiona, kwa maikrogramu kwa sampuli moja, kisha rudi kwenye hesabu za mililita 30 kwa dakika uone kama muda uliopanga unatosha. Wasipoweza kukujibu hili la mwisho, usiwatumie sampuli.

Muulize pia mwenye karakana akupe karatasi za usalama za makopo yote, na uyaangalie makopo yenyewe, maana thina ya kupimwa kwa lita kutoka kwenye pipa haina karatasi. Kwa hiyo, chukua chupa moja ya kioo ya kimiminika hicho, ifunge vizuri, iweke kwenye boksi tofauti na sampuli za hewa, na uitume kwa maabara ile ile. Wakijua kilichomo ndani ya thina, watajua cha kutafuta kwenye mkaa. Boksi tofauti, narudia: chupa ya thina ikivuja karibu na beji kumi, utalipia uchambuzi wa posta.